Premiksi ya kuku haimtoshi kifaranga wa samaki

Vifaranga wa sato wanaolelewa kwenye matangi huweza kuonekana wazima kwa wiki kadhaa, kisha siku ya kuwapanga kwa ukubwa ndipo waliopinda wanapoonekana. Mmoja ana nundu nyuma ya kichwa, mwingine mkia umeinuka, wa tatu kifuniko cha matamvua kimekunjika na kuacha nyama nyekundu wazi. Hulaumiwa maji kwanza, kisha mbegu. Vitamini hutajwa mwisho, na jibu huwa la haraka: "Premiksi tunaweka."

Inawekwa kweli, huo unga wa vitamini unaochanganywa kwenye chakula. Lakini premiksi iliyo rahisi kupatikana kwenye maduka ya pembejeo, Mwanza, Kisumu au Jinja, mara nyingi ni ya kuku wa nyama au wa mayai, na kuku hahitaji kulishwa vitamini C kwa sababu huitengeneza mwenyewe kwenye figo. Samaki wengi tunaowafuga hawana kimeng'enya cha mwisho katika njia ya kuitengeneza kutoka kwenye glukosi, kama vile binadamu asivyokuwa nacho. Kwa hiyo mtengenezaji wa premiksi ya kuku hana sababu ya kuiweka vitamini hiyo, na nyingi hazina hata miligramu moja. Soma lebo: utaona A, D3, E, K3, B1, B2, B6, B12, niasini, asidi ya pantotheni, foliki, pengine biotini. Mstari wa C haupo. Kuongeza premiksi hiyo mara mbili hakuleti kitu ambacho hakimo.

Hilo ndilo kosa kubwa, ila si la pekee. Hata anayenunua premiksi sahihi ya samaki anaweza kupata vifaranga waliopinda, kwa sababu kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko na kiasi kinachofika tumboni mwa samaki wa gramu 0.1 ni vitu viwili tofauti kabisa. Katikati yake kuna joto, jua, hewa, madini, mafuta yaliyochacha, miezi ya stoo, na mwisho maji yenyewe.

Kwa nini jirani mwenye bwawa hana shida

Mtu atauliza: mbona fulani anawalisha pumba za mpunga na dagaa tu, na samaki wake wamenyooka? Jibu liko kwenye rangi ya maji. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi, lenye maji ya kijani, limejaa mwani, vijidudu vinavyoelea na utando wa bakteria kwenye kila jani na jiwe. Sato mdogo hula hivyo mchana kutwa, na humo hupata C, karotini na vitamini za kundi B. Pumba na dagaa kwake ni nyongeza ya nguvu na protini.

Mwondoe kwenye bwawa hilo umweke kwenye tangi la maji safi ya kisima, au kwenye kizimba chenye msongamano mkubwa, na chakula unachomwaga kinakuwa ndicho maisha yake yote. Jambo hili lilionekana wazi kusini mwa Marekani ufugaji wa kambale wa kule ulipoanza kukaza. Mwaka 1973 R. T. Lovell wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, alionyesha kwamba kambale wa vizimbani walionyimwa vitamini C kwenye chakula walipinda uti wa mgongo na kudumaa. Wafugaji waliita hali hiyo mgongo uliovunjika. Kabla ya hapo, John Halver alikuwa ametengeneza katika miaka ya 1950 chakula cha majaribio cha samoni ambamo kila kirutubisho kilipimwa peke yake. Ukitoa vitamini moja na kuacha nyingine zote, unaona hasa samaki anaumwa nini. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu vitamini za samaki ilitokana na njia hiyo.

Vitamini zinazotajwa kwa samaki ni 15: nne zinazoyeyuka kwenye mafuta (A, D, E, K), nane za kundi B, halafu kolini, inositoli na C. Si zote zenye uzito sawa kwa mfugaji. B12, kwa mfano, sato hahitaji kuongezewa, maana bakteria wa utumbo wake huitengeneza. Anayetumia fedha kununua B12 ya ziada kwa ajili ya sato anazipoteza.

Udogo wenyewe ni tatizo

Kifaranga ana mahitaji makubwa kuliko samaki mkubwa kwa kila kilo ya chakula, na sababu ni ya wazi: anajenga mifupa, ngozi, damu na macho kwa mwendo wa kuongeza uzito wake maradufu ndani ya siku chache, huku akiba aliyopewa na mama kwenye kiini cha yai imekwisha. Samaki wa gramu 200 anaweza kukaa muda mrefu akitumia akiba ya ini. Kifaranga hana ini la kuhifadhi kitu.

Kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Punje ya milimita 3 ikisagwa kuwa chembe za milimita 0.3, eneo la nje linalogusana na maji kwa kila gramu linaongezeka mara kumi. Vitamini C na za kundi B huyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo chakula kilekile, chenye premiksi ileile, kikisagwa kwa ajili ya vifaranga huanza kupoteza vitamini hizo mara tu kinapogusa maji, na chembe iliyokaa dakika kadhaa bila kuliwa imebaki na protini na wanga, vitamini zimekwenda. Mfugaji anayemwaga chakula cha siku nzima kwa mikupuo miwili, asubuhi na jioni, anaivitaminisha tangi, si samaki.

Ndiyo maana ratiba ya kulisha ni sehemu ya lishe ya vitamini. Vifaranga 1,000 wenye wastani wa gramu 0.1 wana uzito wa gramu 100 kwa jumla. Kwa kiwango cha asilimia 15 ya uzito kwa siku wanahitaji gramu 15. Zigawe mara sita hadi nane, kila mara gramu mbili hivi, umwage taratibu ukiangalia zinaisha. Kila siku kadhaa pima sampuli upya, kwa sababu gramu 15 za leo ni njaa ya wiki ijayo.

Wako pia wanaoyeyusha unga wa vitamini wa kuku, ule wa kuweka kwenye maji ya kunywa, na kuumwaga kwenye tangi. Kuku hunywa maji. Samaki wa maji baridi hanywi karibu kabisa, kwa kuwa maji yanamwingia mwilini yenyewe kupitia matamvua na kazi yake ni kuyatoa. Unga huo unalisha bakteria. Kuna hali moja maalumu ambapo kuogesha hufanya kazi: vifaranga wa samoni waliozaliwa na mama mwenye upungufu wa B1 huokolewa kwa kuwekwa kwenye maji yenye thiamini. Hilo lilifanyika kwenye vituo vya kutotolesha vya California mwaka 2020, baada ya vifaranga kuonekana wakizunguka ovyo na kulala ubavu. Ni tiba ya ugonjwa mmoja unaojulikana. Haiwi mbinu ya kulisha.

Kiasi gani hasa

Takwimu za sato zinazotumika zaidi hutokana na majaribio ya maabara, na zote ni za kiasi cha chini kinachozuia dalili, kwa kilo moja ya chakula kikavu. Vitamini C iko kati ya miligramu 50 na 80. B1 ni karibu 2.5, B2 ni 5 hadi 6, asidi ya pantotheni 10, foliki 0.5 hadi 1, biotini 0.06, kolini karibu 1,000, inositoli karibu 400. Kwa zile za mafuta: A karibu IU 5,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini), D karibu IU 375, K miligramu 5 hivi.

Vitamini tatu nyingine hazina namba moja, na hapa ndipo mapishi mengi ya vifaranga yanapokosea. B6 hupanda na protini, kwa kuwa ndiyo inayosaidia mwili kuvunja na kujenga asidi za amino. Sato aliyelishwa chakula chenye protini asilimia 28 alitosheka na chini ya miligramu 10, na chakula cha asilimia 36 kilidai 15 hadi 16.5. Chakula cha vifaranga huwa na asilimia 40 au zaidi, basi kuazima kipimo cha B6 kutoka kwenye chakula cha samaki wakubwa ni kumpunja. Niasini nayo hutegemea aina ya wanga: miligramu 26 zilitosha wakati wanga ulikuwa glukosi, zikahitajika 121 ulipokuwa dekstrini, ambayo iko karibu zaidi na wanga wa vyakula vyetu. Tena niasini ya mahindi imefungwa kwenye nafaka na samaki haipati, kwa hiyo usihesabu ile inayosomeka kwenye jedwali la mahindi. Ya tatu ni E, ambayo hupanda na mafuta: miligramu 50 hadi 100 kwa chakula chenye mafuta asilimia 5, na katika majaribio mengine ya sato ilifika 500 mafuta yalipofika asilimia 10 hadi 15.

Kambale ana sura yake. Namba nyingi zinazonukuliwa ni za kambale wa Marekani, si kambale wetu wa Afrika, ila zinatoa mwanga: C 25 hadi 50, B2 karibu 9, asidi ya pantotheni 15, niasini 14, kolini 400. Kambale wa Afrika akikosa C huonyesha alama ambayo wengi huifikiria ni kidonda cha kugombana: mfupa wa juu wa kichwa hupasuka, unaona mstari mwekundu ukikatiza fuvu, wakati mwingine damu. Vifaranga wakubwa kidogo wa kambale hung'atana kweli, lakini jeraha la kung'atwa huwa kwenye mkia, mapezi na ubavuni. Ufa unaotokea kwenye fuvu la samaki wengi kwa mara moja ni suala la chakula mpaka ithibitike vinginevyo.

C inavyopotea

Kazi kuu ya vitamini C hapa ni kutengeneza kolajeni, ile protini inayoshikilia mfupa, ngozi na kuta za mishipa ya damu. Ikikosekana, mfupa unajengwa laini huku misuli inayouvuta inaendelea kukua, na uti unapinda. Kabla ya kupinda huwa kuna ishara ndogo: damu kidogo kwenye shina la mapezi, mapezi yaliyochakaa, majeraha ya wavu yasiyopona, na vifo vingi baada ya kusafirisha vifaranga ambao jana walionekana wazima. Mgongo uliokwisha kupinda hauwezi kunyooshwa na C yoyote utakayoongeza baadaye.

Asidi ya askobiki ya kawaida, ile nyeupe ya fuwele, ni dhaifu sana. Kwenye mashine ya kutengeneza punje za kuelea, ambako joto na unyevu ni vingi, nusu au zaidi inaweza kwenda. Inayobaki inaendelea kuoza stoo. Shaba na chuma vinaiharibu haraka, na hii ndiyo sababu premiksi ya vitamini na ya madini zikae kwenye mifuko tofauti hadi dakika ya kuchanganya. Kolini kloridi nayo itengwe: inavuta unyevu hewani na kuchosha vitamini zilizo jirani.

Viwanda makini hutumia umbo lililofungwa fosfeti, ambalo hustahimili joto na stoo na ambalo samaki hulifungua tumboni. Bidhaa ya kawaida ya aina hii ina nguvu ya asilimia 35. Hapo hesabu ni muhimu. Ukitaka miligramu 200 za C hai kwa kilo ya chakula, huweki miligramu 200 za unga huo. Unagawanya 200 kwa 0.35, unapata karibu 570. Kwa kilo 10 ni gramu 5.7. Tunasema 200 wakati hitaji ni 50 hadi 80 kwa sababu kuna kupotea njiani na majini, na C ya ziada kwa kiasi hicho haina madhara.

Asiyepata ile yenye fosfeti anaweza kutumia asidi ya askobiki ya kawaida, hata vidonge vya duka la dawa vilivyosagwa, kwa masharti: chakula kisipikwe baada ya kuichanganya, kitengenezwe kidogo kidogo, kiishe ndani ya wiki moja au mbili. Kipimo kipandishwe hadi miligramu 500 hadi 1,000 kwa kilo. Vidonge 10 hadi 20 vya miligramu 500 vinatosha kilo 10. Hii ni njia ya dharura, na kwa kituo kinachouza vifaranga kila wiki ni ghali kuliko kununua bidhaa sahihi.

Unga wa majani ya mlonge husifiwa kama chanzo cha C. Jani bichi lina C nyingi, hilo ni kweli. Jani lililoanikwa juani na kusagwa limepoteza sehemu kubwa yake, linabaki na protini, madini na karotini, ambayo sato anaweza kugeuza kuwa vitamini A ingawa kwa ufanisi mdogo. Uweke unga huo kwa sababu hizo ukipenda, usiuhesabu kwenye C.

Dagaa

Dagaa ndiye msingi wa chakula cha vifaranga kanda ya Ziwa, na kwa protini hana mpinzani kwa bei. Shida yake ni mafuta. Dagaa wa msimu wa mvua, walioanikwa mchangani wakanyeshewa na kuanikwa tena, mafuta yake huwa yamekwisha kuchacha kabla hawajafika kinuni. Mafuta hayo yakiingia kwenye mchanganyiko hula vitamini E kwanza, kisha A na C. Ukiweka E kwa kipimo cha kitabu juu ya dagaa wa namna hiyo, E yote inatumika kupambana na uchachu ndani ya mfuko, samaki asiambulie kitu. Matokeo ni misuli kusinyaa, ini lenye mafuta la rangi ya njano iliyofifia, na vifaranga wanaolala upande wakishtushwa.

Kagua kabla ya kununua. Dagaa wazuri wana mng'ao wa fedha. Waliochacha wamekuwa wa njano-kahawia tumboni na kichwani. Vunja mmoja unuse ndani. Harufu inayowasha koo ni mafuta mabovu, na hakuna premiksi inayoyarudisha. Tumia mchanganyiko wa soya iliyokaangwa vizuri na dagaa wachache wazuri kuliko dagaa wengi wabovu.

Samaki wabichi na mabaki ya minofu waliosagwa bila kupikwa wana tatizo la namna nyingine. Baadhi ya samaki, hasa kadhaa wa jamii ya kapu na sadini, wana kimeng'enya kinachovunja B1. Kikichanganywa mbichi na premiksi, thiamini inaharibiwa palepale kwenye ndoo. Kuchemsha kunakiua kimeng'enya hicho. Yai linafuata kanuni iyo hiyo: kiini kilichochemshwa na kuchujwa kwenye kitambaa ni chakula kizuri cha siku za mwanzo, ila ute mweupe ukiwa mbichi unafunga biotini isitumike. Chemsha yai lote hadi ligande.

Na kwa upande wa pwani, tahadhari moja kuhusu sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Mafuta ya ini la papa mara nyingi yana vitamini A nyingi mno, na yaliyokaa kwenye debe yamechacha. A haitoki mwilini kirahisi kama C. Ikizidi, inaharibu mifupa na kupinda uti, yaani dalili ileile uliyokuwa ukijaribu kuzuia. Mafuta ya ini la chewa ya kunywa nayo yasitiwe ovyo.

Kuchanganya kilo 10

Vifaa ni mizani ya kupima hadi gramu 0.1, beseni kavu, chekecheo la matundu ya milimita 0.5 au chini yake, na kivuli chenye upepo.

Saga malighafi kavu na chekecha kwanza. Kama unatumia uji wa muhogo kama gundi, upike pembeni na uuache upoe mpaka mkono uvumilie bila shida. Pima premiksi ya samaki kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Ichanganye na gramu 200 za unga, kisha mchanganyiko huo kwenye kilo 1, ndipo uuingize kwenye kilo 10. Anayetupia gramu 50 za premiksi moja kwa moja kwenye beseni la kilo 10 na kukoroga kwa mkono anapata kona zenye vitamini nyingi na kona zisizo nazo, na kifaranga anakula chembe chache tu kwa mlo. C iingie hatua ya mwisho pamoja na kolini, kila moja ikiwa imechanganywa kwanza na unga wake kidogo. Madini yawe yameshachanganyika kabla. Malizia kwa mafuta ya kula, asilimia 2 hadi 3, yaani gramu 200 hadi 300, yakimiminwa kama uzi huku unakoroga. Mafuta hayo hufunika chembe na kupunguza kasi ya vitamini kuyeyukia majini.

Kausha kivulini, kwa tabaka jembamba, hadi chembe zisishikane ukizibana. Jua la saa sita linaua B2 kwa mwanga wake, na C na A kwa joto na hewa. Kosa hili huwakuta sana wanaotengeneza chakula cha homoni cha kuwageuza sato wote kuwa madume. Homoni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, huyeyushwa kwenye spiriti, hunyunyizwa, kisha chakula huanikwa ili spiriti iondoke. Wengi hukianika juani kukimbizana na muda. Kifaranga anakula chakula hicho kwa siku 21 hadi 28 za mwanzo, wiki anazokihitaji zaidi, naye hana kingine. Kama premiksi na C viliwekwa kabla ya kuanika, viongezwe baada ya spiriti kukauka, na unyunyizaji wote ufanyike kwa glovu na barakoa.

Hifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na bati la paa, juu ya mbao na si sakafuni. Chakula cha viwandani cha vifaranga kinunuliwe cha kuisha ndani ya mwezi. Tarehe ya kutengenezwa ina maana kuliko ya kuisha muda: mfuko uliosafiri baharini, ukakaa bandarini, kisha ukapanda lori hadi Ziwa, unaweza kuwa umekwisha kula nusu ya maisha yake kabla hujaufungua.

Kambale na siku zake za kwanza

Kambale aliyeanguliwa humaliza kiini chake ndani ya siku tatu hivi kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 28. Tumbo lake bado halijakamilika, na unga mkavu peke yake haumtoshi hata uwe na vitamini zote. Hapa chakula hai ndicho hubeba lishe. Atemia, mdudu mdogo wa jamii ya kamba, huanguliwa kwenye maji ya chumvi gramu 25 hadi 35 kwa lita, yenye hewa na mwanga, karibu nyuzi 28, kwa saa 24 hivi. Yai la atemia lina C iliyohifadhiwa, ambayo hubadilika kuwa hai linapoanguliwa. Vifaranga walishwe atemia hao mapema, mara wanapoanguliwa. Atemia aliyekaa hadi kesho bila kula ametumia akiba yake mwenyewe, amekua mkubwa kwa mdomo wa kifaranga, na thamani yake imeshuka. Viroboto wa maji wadogo kutoka kwenye bwawa lililorutubishwa wanafaa pia, wakichujwa na kuoshwa. Unga uanze kuingizwa siku ya nne au ya tano, ukiongezeka kidogo kidogo huku atemia ikipungua.

Kabla ya kulaumu vitamini

Mgongo uliopinda una sababu nyingine, na muda hutofautisha. Ulemavu unaoonekana siku ya kuanguliwa unatokana na mayai, joto la kuangulia lililopanda au kushuka ghafla, au wazazi walio ndugu. Ulemavu unaojitokeza wiki baada ya wiki kwenye tangi la chakula kimoja, huku ndugu zao wa bwawani wakiwa wazima, unaelekeza kwenye chakula: C kwanza, kisha fosfori, kisha triptofani, moja ya asidi za amino, ikiwa protini yote ni ya mimea.

Matamvua nayo yanaongea. Funua kifuniko cha kifaranga aliyekufa muda si mrefu na utazame kwa lenzi. Katika upungufu wa asidi ya pantotheni nyuzi za matamvua zimevimba ncha na kushikana kwa ute, na samaki alikuwa akihema juu ya maji ingawa hewa inatosha. Amonia na bakteria vinaweza kutoa picha inayofanana, basi pima amonia na uchunguze ute kwa hadubini kabla ya kubadilisha chakula. Macho yenye ukungu kwa samaki wengi pamoja huashiria B2. Kuogelea kwa kushtuka, kujikunja na kufa haraka kwenye chakula chenye protini nyingi huashiria B6. Matamvua yaliyopauka kwa upungufu wa damu huelekeza kwenye foliki, mara nyingi kwenye chakula kilichoota ukungu au kukaa sana.

Upungufu halisi wa mashambani mara nyingi si wa vitamini moja. Mfuko mmoja uliokaa juani umepoteza nne au tano pamoja, na dalili huchanganyika. Kwa hiyo jaribio la bei nafuu ni hili: chukua matangi mawili ya kundi moja, moja endelea na chakula chako, jingine lipe chakula kipya chenye tarehe ya karibuni kwa wiki tatu. Angalia vifo na ukuaji. Mgongo usitegemee kunyooka, ila kusiwe na wapya wanaopinda.

Waliopinda watengwe na wakuzwe kuliwa, wasiwekwe kwenye kundi la wazazi. Na wazazi wenyewe ndio mwanzo wa hesabu, maana vitamini za siku za kwanza za kifaranga ziko kwenye kiini alichopewa na mama. Jaribio lililochapishwa mwaka 1986 kwa perege wa Msumbiji, ndugu wa sato, lilionyesha kwamba wazazi walioongezewa C walitoa mayai yaliyoanguliwa vizuri zaidi na vifaranga wenye hali bora kuliko wa wazazi walionyimwa. Majike wanaotaga kila wiki tatu hadi tano huku wakilishwa pumba tu kwenye wavu wa maji masafi wanamaliza akiba yao kwa mizunguko michache. Walishwe chakula kamili chenye C ya fosfeti na E ya kutosha, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kuwapandisha, na wapumzishwe kati ya mizunguko.